Wajukuu wa Babu Mmoja

Ghomrassen, 20 Oktoba 1996

Kwa wifi yangu Mongia, binti wa ami, msichana wa kiwandani asiyejua tena kukanda unga,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima, hata kuku. Sisi wazima. Magoti ya mama yako yameanza maneno yao, kwa hiyo tunajua baridi haiko mbali. Kaka yako Khemais amepata kazi ya kujenga ukuta wa shule. Akirudi jioni saruji imemjaa hadi kwenye kope, na akikaa kula tunadhani sanamu imeketi mezani. Mvua hakuna. Zeituni zimesinyaa kama sikio la mzee, sijui mwaka huu tutakamua nini.

Ibtisam ametimiza miaka mitatu na ulimi wake umetimiza thelathini. Juzi alimwita fundi wa bomba punda mbele ya mkewe. Nilipomfokea akasema, "Lakini bibi ndiye aliyesema." Mama yako akaanza kuswali saa ile ile ingawa haikuwa wakati wa sala.

Kaka yangu Lamin ameandika kutoka Tripoli. Nusu ya barua ni wewe. Anataka harusi iwe kiangazi cha mwakani au cha mwaka ule mwingine, akimaliza kununua vyombo. Fikiria: mimi ni wifi yako kwa kuolewa na kaka yako, nawe utakuwa wifi yangu kwa kuolewa na kaka yangu. Tutakuwa na haki ya kugombana mara mbili.

Naufal hajambo. Ana miezi miwili na nusu, na macho ni ya babu yetu kabisa, kope ndefu hadi zinagusana na nyusi. Mtulivu mno. Ukimlaza hapa utamkuta hapa hapa. Akilia, sauti yake ndogo kama ya paka mchanga, hata majirani hawajui kama tuna mtoto. Mama yako anasema nimezaa sheikh. Sisemi zaidi, jicho la watu lina njaa.

Wako,
Dalenda


Tunis, 4 Novemba 1996

Dalenda wangu,

Barua yako nimeisoma ndani ya basi nikacheka peke yangu, mama mmoja akasogeza mkoba wake. Mimi mzima. Kiwandani tumeletewa msimamizi mpya ambaye hajawahi kushika sindano na anatufundisha kushona. Chumba bado tunakaa wanne, na wawili wanakoroma. Mwambie mama apake mafuta ya zeituni ya moto kwenye magoti, asisikilize yule mwuza mizizi.

Lamin mwache anunue vyombo polepole. Sufuria hazikimbii.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie. Mshike Naufal mikono yote miwili akiwa amelala chali, umvute taratibu kama unataka kumketisha. Kichwa kinafuata, au kinabaki nyuma? Na miguu, anaipiga unapomwogesha, au inalala imefunguka kama ya chura?

Ridha, mwanao wa kwanza, naye tulimwita sheikh, Dalenda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba ulipokwenda kuchuma zeituni, na sikuwahi kuweza kumfunga mgongoni. Alikuwa ananiteleza kama maji. Alipokufa na miezi minane walituambia ni kifua, na sote tukasema kifua.

Mlete Tunis. Nitaomba ruhusa kazini niende nanyi hospitali.

Wifi yako,
Mongia


Ghomrassen, 12 Januari 1997

Mongia, binti wa ami,

Samahani barua imechelewa. Mkono ulikuwa na kazi. Ramadhani imeanza na mama yako ameapa mwaka huu supu atapika yeye, kwa hiyo kila jioni tunafungulia chumvi. Mvua ilikuja siku moja, ikaharibu njia ya chini na haikufaidi mti hata mmoja. Khemais amemaliza ukuta wa shule. Ibtisam anafunga kwa namna yake: anakula, kisha anaapa kwamba hajala.

Mke wa Taher, jirani, amejifungua mapacha. Nilikwenda kumpongeza. Ana wiki tano tu tangu ajifungue na wale watoto wanarusha mateke mpaka blanketi linaanguka. Nilikaa kidogo nikaondoka, nilikuwa nimeacha chungu motoni.

Hapa watu wanasema nimebweteka, sitoki tena. Mwanamke mwenye mtoto atoke aende wapi.

Khemais amesema tutakuja huko baada ya Idi, sote watatu. Ibtisam atabaki na bibi yake. Tafuta mahali tutakapolala, pasiwe na ngazi nyingi, maana Naufal siku hizi akibanwa kifua hapendi kutikiswa.

Dalenda


Tunis, 2 Machi 1997

Dalenda,

Natumaini mmefika salama na njia haikumchosha mtoto. Msalimie mama, mwambie zile tini kavu zimekwisha siku ya pili, wenzangu ni nzige.

Naandika yale aliyosema daktari kwa sababu nadhani hukuyasikia. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto, na kaka alikuwa anatazama ukuta kama fundi anayetafuta ufa. Nisipoyaandika yatageuka, na kila mtu atabaki na lake.

Alisema ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo. Kuna nyuzi pale zinazoipelekea misuli amri: inua, geuza, kohoa, meza. Kwa Naufal nyuzi hizo zinakufa mmoja baada ya mwingine. Akili yake nzima, macho mazima, anakujua, anakucheka. Ila amri hazifiki. Mwisho hata amri ya kuvuta pumzi haitafika. Dawa hakuna. Uliuliza, "Hata nje ya nchi?" Akasema hata nje ya nchi. Ndipo kaka alipotoka nje kuvuta sigara, na unajua alikuwa ameshaacha sigara.

Kisha akasema chanzo. Kila mtu ana vinasaba viwili viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Kimoja kikiwa kibovu, kile kizima kinafanya kazi ya vyote viwili, na mtu anaishi hadi uzee bila kujua. Wewe unacho kibovu kimoja, na kaka anacho kimoja. Akauliza, "Nyinyi ni ndugu?" Ukasema baba zenu ni ndugu wa tumbo moja. Akasema basi huenda kilitoka kwa babu au kwa bibi, kikapita kwa baba zenu wote wawili bila kumwumiza mtu, kikaja kukutana kwenu.

Siyo tumbo lako. Nataka uisome sentensi hii mara mbili, halafu umsomee mama yangu, maana najua anachosema jikoni kuhusu tumbo linalovunja wavulana. Nusu imetoka kwa mwanawe.

Jambo la mwisho. Kaka aliporudi alisema, "Moja katika nne, umesema. Ridha wa kwanza, Ibtisam mzima, huyu wa tatu. Basi tumeshatoa zaidi ya fungu letu, wanaokuja ni wazima." Daktari akamjibu, "Hapana, bwana. Chukua vipande vinne vya karatasi mfukoni, kimoja kina alama. Ukishatoa kimoja unakirudisha, ndipo unatoa tena. Kila mimba inaanza upya. Mfuko haukumbuki." Kaka akatikisa kichwa kama amekubali. Namjua kaka yangu. Hakukubali.

Alisema pia mkipata mimba nyingine mje mapema, kabla ya mwezi wa tatu kuisha. Kuna kipimo. Kwa kuwa mimi ni dada wa Khemais na nilikuwa nimekaa pale, walinitoa damu nami. Sindano yenyewe si kitu.

Mbusu Naufal kwenye kope.

Mongia


Ghomrassen, 9 Aprili 1997

Mongia,

Naufal ametuacha Jumapili mchana. Alikuwa amelala mapajani pangu, Ibtisam anamchezea kijiko usoni, naye anakifuata kwa macho. Halafu akawa hakifuati.

Khemais amemzika kando ya Ridha. Amejenga kingo za kaburi mwenyewe.

Usije. Nauli ni ghali na siku tatu zitakuwa zimepita. Damu yako ilisemaje?

Dalenda


Ghomrassen, 16 Novemba 1997

Mongia, wifi yangu,

Najua nimekaa kimya msimu mzima. Ulikuja wakati wa mavuno ya shayiri, tukakaa pamoja siku mbili, tukaongea habari za watu wengine wote. Ulipoondoka nikasema nitamwandikia, na kila nikikaa kuandika nasikia ninaitwa.

Mama yako hajambo. Ameanza kumsahau anayeongea naye, ila wanaomdai anawasahau wote bila kukosea. Zeituni mwaka huu ni nyingi, matawi yanagusa chini. Khemais amechukua likizo ya ujenzi ili tuvune. Ibtisam anapanda juu kabisa, nami nasimama chini na shuka kana kwamba nitamdaka. Lamin ametuma kitambaa cha suti kutoka Tripoli akuonyeshe rangi. Anasema humjibu siku hizi. Mjibu, Mongia. Ni mtu mzima, si mwanafunzi wa kusubiri matokeo.

Nina mimba. Imevuka mwezi wa tatu na nusu. Usinipigie kelele. Kwetu mimba haitangazwi kabla haijajitangaza yenyewe, unajua. Na nilikuwa nasema kila wiki, wiki ijayo nitamwandikia Mongia. Sikuwa mgonjwa safari hii, sikutapika hata mara moja, na mama yako anasema hiyo ni tofauti na wale wawili. Nikawa nakaa na neno hilo kama mtu aliyekaa karibu na jiko.

Khemais anajua kuhusu kipimo. Nilimwuliza. Tulimaliza mti mzima kwanza, kisha akasema, "Nimemwuliza imamu. Amesema kabla ya miezi minne, kabla roho haijapulizwa, kwa ugonjwa kama huu mlango upo. Baada ya hapo hakuna mlango."

Niambie nije lini.

Dalenda


Tunis, 25 Novemba 1997

Dalenda,

Barua yako imekaa posta, nimeipata leo. Salamu zote nazijibu kwa pamoja, utanisamehe.

Njoo mara tu ukipata hii. Usingoje zeituni ziishe. Daktari nimemwona wakati wa chakula cha mchana. Amesema kile kipimo cha mapema mmeshakipita, sasa watachota maji anayoelea mtoto, na majibu huchukua wiki mbili au tatu. Nilimweleza alichosema imamu. Akahesabu kwa vidole, akaacha kuhesabu, akasema, "Aje tu."

Usije na chakula. Njoo wewe.

Mongia


Tunis, 3 Januari 1998

Dalenda,

Ramadhani njema kwenu nyote. Hapa tunatoka kazini mapema, mji unakuwa mtupu jua likizama, unaweza kutembea katikati ya barabara kama bibi harusi. Wenzangu wawili wamerudi makwao, kwa hiyo nina chumba karibu chote. Nimemshonea Ibtisam gauni kwa mabaki ya kitambaa. Nitampa dereva wa gari la Ijumaa linalokuja huko.

Nakumbuka ulivyoshuka kwenye gari siku ile mkono ukiwa ubavuni. Nikakuuliza, "Umeumia?" Ukasema, "Hapana. Amenigusa. Tulipopita Sfax." Nikabeba mkoba. Na hospitalini, yule msichana wa mashine alipotuonyesha kwenye kioo, mtoto alikuwa ameweka kidole gumba mdomoni na miguu imepishana kama mzee wa mkahawani. Ulicheka. Ni mara ya kwanza nimekusikia ukicheka tangu Naufal. Daktari alisema mwezi huo vidole vimeshakamilika, hata mistari ya viganja ipo. Nilitamani asingesema.

Majibu yametoka. Nimekwenda kuyachukua mwenyewe.

Ni msichana.

Daktari anaomba uje uonane naye, wewe na kaka. Anasema sheria inaruhusu hata sasa, kwa sababu ya ugonjwa. Njoo, Dalenda.

Mongia


Ghomrassen, 10 Februari 1998

Mongia,

Gauni limefika, limemkaa vizuri, na amelala nalo.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Uliandika ni msichana, kisha ukaandika njoo. Hakuna mtu anayemwita mwenzake safari ya kutwa nzima ili amwambie mtoto wako ni mzima. Nilielewa. Nilimaliza kukoroga supu, tukafungua, tukala, kisha nikampa Khemais.

Kaka yako hakupiga kelele. Aliisoma akaikunja akaiweka chini ya sinia. Akasema, "Angekuwa hajajua kupiga teke, ningekupeleka mimi mwenyewe kesho."

Nikasema, "Sheria inaruhusu."

"Sheria haitasimama na mimi siku ile ya hesabu, Dalenda."

"Na siku ya kumzika nani atasimama na mimi?"

Akasema, "Mimi. Kama zile nyingine."

Nisingeweza kumchukia hata kama ningetaka. Na mimi ninataka nini? Hakuna aliyeniuliza. Anapiga teke asubuhi nikinywa kahawa. Ana nguvu kuliko Ibtisam alivyokuwa. Naweka glasi juu ya tumbo na inacheza. Nawaza: labda walichanganya chupa. Wanawake wangapi walilala pale siku ile? Kisha najua hawakuchanganya.

Sasa ngoja nikuambie na mimi. Lamin amempigia simu baba dukani, watu wote wanasikia, akasema umemrudishia pete kwa posta. Kwa posta, Mongia, kama gazeti. Mama anaumwa kwa aibu. Mama yako anasema mji umekula akili yako. Sikukutetea. Nilikuwa nimekaa na tumbo langu nikiwaza: huyu ndiye aliyeniambia njoo. Mimi nitoe wangu, na yeye wake hataki hata kumwanza.

Uliniandikia sindano si kitu. Nilikuuliza damu yako ilisemaje. Nilikuuliza ukanijibu kwa habari za kiwandani. Kumbe ulikuwa unajua tangu wakati ule, ukaniacha nimshonee kaka yangu mito ya harusi.

Sitakuja Tunis. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Dalenda


Tunis, 21 Juni 1998

Dalenda,

Ulisema nisiandike, na nimetii kwa muda nilioweza. Dereva ameniambia umejifungua mwezi uliopita, salama, na mtoto anaitwa Rim. Ni jina zuri. Kwa mama na kaka nimetuma salamu kwa mdomo, sijui kama zilifika.

Nilikuwa nimekusudia kukuambia ana kwa ana, lakini kila tulipokutana ulikuwa na kaburi, au na tumbo. Ndiyo. Ninacho. Kimoja kibovu, kama kaka. Niliambiwa wiki ile Naufal alipokufa, na sikuona ni habari ya kumpelekea mtu matangani.

Sikumwacha Lamin kwa damu yangu. Nilimwacha kwa sababu nilimwomba kitu kimoja. Nilimpigia Tripoli nikamwambia, "Nenda kapimwe. Huenda huna, na tukaoana kiangazi hiki hiki." Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mimi si dume la mbuzi mnadani, nifunuliwe meno." Nikamwambia, "Dada yako amezika wawili." Akasema, "Dada yangu amezika kwa amri ya Mungu, na wewe unataka kuolewa na karatasi." Nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu alikata.

Nampenda, kama hilo lina maana yoyote. Nilikuwa na umri wa Ibtisam waliposema tutaoana, na sijawahi kumtazama mtu mwingine. Nilikaa na ile pete wiki nyingi. Nilikuwa nikifumba macho namwona mtoto, na kila mara ana kope ndefu, na kila mara nimemlaza hapa na yuko hapa hapa.

Siombi unisamehe. Niambie tu, Rim anainua kichwa?

Mongia


Ghomrassen, 14 Machi 1999

Kwa Mongia,

Nakusalimu. Nimeona haya kuandika baada ya miezi yote hii, lakini huku hakuna mtu mwingine wa kumwandikia.

Mama yako bado anatembea. Haruhusu jina lako litajwe, na kila Ijumaa anamwuliza dereva kama umenenepa. Ibtisam ameanza shule, ile ya ukuta wa baba yake. Mlozi wa nyuma umechanua na umekwisha. Khemais amekwenda Libya tangu Desemba. Hajasema anarudi lini na sikumwuliza. Hapa tulikuwa tumefika mahali pa kuogopana. Akikaa karibu nami nasogea mbali, nikimsogelea mimi anainuka. Tulikuwa kama watu wawili walioshika waya mmoja wa umeme. Kazi ikawa sababu nzuri.

Rim alizaliwa akilia kwa sauti kubwa. Muuguzi alimwinua akasema, "Tazama, mzima kabisa huyu." Kwa siku kumi na kidogo nilimwamini yeye nikaacha kukuamini wewe na daktari na vioo vyenu. Kisha siku moja namwogesha, miguu ikalala.

Lakini nilimjua kuliko wale wengine, Mongia. Kwa Ridha sikujua kitu, kwa Naufal nilikataa kujua. Kwa Rim sikuwa na la kungoja, kwa hiyo sikungoja. Sikumhesabia meno. Nilimbeba kutwa nzima kwenye mkono mmoja na kupika kwa mwingine. Alipenda nimwelekeze dirishani, awatazame mbuzi wa Taher. Alikuwa anacheka kwa macho, maana mdomo ulichoka mapema. Alikufa Januari, akiwa amekwisha kujua jina lake. Khemais hakuwepo. Alikuwa ameniahidi kusimama nami, na barabara ya mpakani ilikuwa imefungwa. Kingo amejenga Taher, hazikunyooka.

Kuhusu barua yako ya Juni, sina hasira tena. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikukasirikia kwa kuwa wewe ulipata nafasi ya kuchagua.

Sasa habari ambayo huenda umeshaisikia. Lamin alioa Agosti. Amemwoa Hayat, binti wa ami yetu mdogo, yule aliyekuwa anatufuata kisimani na mdoli. Ana miaka kumi na tisa. Wajukuu wa babu mmoja tena.

Nilijaribu. Nataka ujue nilijaribu. Wiki moja kabla ya harusi nilimkuta Lamin anapaka chokaa chumba chao, Rim yuko mkononi mwangu, nikamwambia, "Mtazame huyu. Nenda kapimwe, wewe na Hayat, hakuna atakayejua." Hakumtazama. Akaendelea kupaka. Akasema, "Neno hilo hilo lilinitoa kwa Mongia. Unataka kunitoa na kwa huyu?"

Basi nikaenda kwa mama yako, nikidhani kwa kuwa ndiye aliyewaosha Ridha na Naufal kabla ya kuzikwa ataniunga mkono. Alikuwa anachambua dengu. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Akasema, "Ukiutangaza ugonjwa huu kijijini, utakuwa umemwokoa nani? Lamin ataoa tu. Hayat ataolewa tu. Lakini Ibtisam anakua. Nani atabisha hodi kwenye nyumba ambayo mama mwenyewe amesema damu yake ni mbovu?"

Nikasema, "Ibtisam akiolewa na mtu wa mbali hakuna shida. Daktari alisema."

"Mtu wa mbali ndiye wa kwanza kuuliza," akasema. "Wa karibu hawaulizi."

Nikachambua naye dengu. Siku ya hina nilibeba sinia pamoja na wengine, na nilipiga vigelegele.

Hayat ana mimba ya mwezi wa sita. Anakuja hapa kila asubuhi kwa sababu mimi ndiye mwenye uzoefu, ndivyo anavyosema, na hana ubaya moyoni. Ananiuliza kila kitu. Ale nini, alale upande gani, kiungulia ni nywele za mtoto au ni pilipili. Wale wanawake wazee wameshaanza utani wao: akizaa mvulana, Ibtisam huyo hapo, ni miaka mitano tu, wangapi wameolewa na wadogo zao. Ibtisam anawatolea ulimi.

Jana nilikuwa nafua. Hayat akaja mbio, kama mtu anayeweza kukimbia na tumbo lile, akaukamata mkono wangu ukiwa na sabuni, akaubandika ubavuni kwake. "Dada, sikia," akasema. "Sikia anavyopiga." Alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

Nikamwambia mtoto ana nguvu. Sikumdanganya, Mongia. Katika mwezi wa sita wote walikuwa na nguvu.

Dalenda, binti wa ami yako